Jinsi ya kupanga safari ya kutembea milimani Norway, maana huku hakuna geti wala mpagazi

Mi nimekulia Moshi, nikifungua dirisha asubuhi Kibo ile pale, na sikuwahi kuupanda hata siku moja. Kupanda mlima tulijua ni mambo ya wazungu, na ya wale wagumu wanaowabebea mizigo. Mlima wa kwanza kuupanda maishani nimekuja kuupandia Norway, nikiwa nimevaa jinzi na raba za mjini, na kilichonikuta kule juu ndo sababu ya kukaa leo niandike huu mwongozo.

Tofauti kubwa iko hivi. Kili huwezi kuamka tu ukaenda, kuna geti, unaandikishwa, lazima uwe na mwongozaji mwenye leseni, kuna mpishi, kuna wa kubeba mahema, na ukianza kuyumba kwa kukosa hewa kuna mtu anakuangalia macho anasema bosi leo tunashuka. Norway hakuna hata kimoja cha hivo. Hakuna geti, hakuna kiingilio, hakuna wa kukuuliza umevaa nini wala umekula nini. Unashuka kwenye basi, unaona T nyekundu, ndo alama ya njia, imepakwa kwenye jiwe, unaanza kutembea. Raha sana kwa kweli, ila maana yake ile kazi yote ya geti na ya mwongozaji na ya mpishi umeachiwa wewe, na karibu yote inafanyika nyumbani, mezani, kabla hujafunga kamba za viatu.

Alafu tusidharau. Mlima mrefu kuliko yote Norway ni Galdhøpiggen, mita 2,469, hata nusu ya Kili haufiki. Watu wa kwetu wakisikia hivo wanacheka, aah hiko ni kichuguu. Tatizo la huku sio hewa nyepesi, tatizo ni hali ya hewa. Kwenye mita elfu moja na kitu tu miti imeshaisha, upepo unakupiga bila kizuizi, na theluji inaweza kuwepo mpaka mwezi wa saba. Tuanze.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwanza, mlima baadae

Watu wengi wanakosea hapa, wanaona picha, wanakata tiketi ya mwezi wa tano kwa sababu ndo bei nafuu, wanafika wanakuta njia imefunikwa na theluji na basi la kwenda huko halijaanza. Kwa milima ya juu msimu ni mfupi, kuanzia mwishoni mwa mwezi wa sita mpaka katikati ya mwezi wa tisa, basi. Na hata mwanzoni mwa msimu huo usishangae mito imejaa maji ya theluji inayoyeyuka. Kuna madaraja madogo ya kiangazi ambayo yanatolewa kabla ya baridi na kurudishwa wakati theluji inapungua, ukiwahi sana unafika mtoni unakuta daraja halipo na unatakiwa urudi ulikotoka.

Mimi binafsi nikiulizwa nasema nenda mwezi wa nane au wiki ya kwanza ya mwezi wa tisa. Mwezi wa saba Norway nzima iko likizo kwahiyo njia maarufu zinajaa kama Kariakoo siku ya sikukuu. Wa tisa majani ya chini yanageuka mekundu na njano, mbu wamepungua, ila jua linazama mapema zaidi kila siku kwahiyo tochi ya kichwani ni lazima. Ukienda kaskazini kabisa, kule Tromsø, kuanzia karibu tarehe 20 mwezi wa tano mpaka 22 mwezi wa saba jua halizami kabisa, unaweza kupanda mlima saa sita usiku ukiwa umevaa miwani ya jua. Inachanganya akili kidogo, unasahau kulala, unasahau umechoka.

Kuanzia mwezi wa kumi mpaka wa tano milima ya juu waachie wenye skii na wanaojua kusoma maporomoko ya theluji.

Hatua ya 2: Chagua njia kwa miguu uliyonayo, sio kwa picha uliyoiona

Njia zinapangwa kwa rangi: kijani rahisi, bluu ya kati, nyekundu ngumu, nyeusi ya wataalamu. Ujue kitu kimoja, hizi rangi zimepangwa na watu ambao wamebebwa milimani tangu wakiwa wachanga mgongoni kwa baba yao. Bluu ya Mnorway ni jasho la Mswahili. Kwahiyo mara ya kwanza shuka ngazi moja chini ya unavyojiona.

Ngazi ninayowapa wageni wangu ni hii.

Anza Oslo, msitu wa Nordmarka. Panda treni ya mjini namba 1 mpaka mwisho, Frognerseteren, tembea mpaka Ullevålseter ambapo kuna mgahawa, kunywa chai, shuka mpaka ziwa la Sognsvann ambako unapanda treni nyingine kurudi mjini. Ni kama kilomita 11 na hakuna mlima wa maana. Siku hiyo unapima viatu, begi, na yule rafiki yako anayesema yuko fiti. Kisigino kikianza kuuma hapo, shukuru kimeuma karibu na kituo cha treni.

Baada ya hapo Gaustatoppen, mita 1,883, karibu na mji wa Rjukan. Unaanzia Stavsro ambapo tayari uko karibu mita 1,170, ni kilomita nne na kidogo kwenda, mawe matupu njia nzima, na siku ya jua kali unaona sehemu kubwa ya kusini mwa nchi. Rjukan penyewe pana kisa, mji uko bondeni kiasi kwamba karibu miezi sita ya baridi jua haliwafikii, basi mwaka 2013 wakaweka vioo vikubwa mlimani vinavyomulika jua kwenye uwanja wa katikati ya mji, watu wanakaa pale kwenye hiko kipande cha mwanga kama kuku. Na ndani ya mlima kuna treni, lilijengwa kwa ajili ya jeshi wakati wa vita baridi, sa hivi ni la watalii, kwahiyo magoti yakikataa unaweza kupanda kwa miguu ukashuka na treni.

Hapa ndo pa jinzi yangu. Chini kulikuwa na jua mpaka nikafunga koti kiunoni. Juu ukungu umeshuka, upepo, mvua ya pembeni, ile jinzi ikanywa maji mpaka ikawa nzito kama kigunia. Vidole vikafika mahali siwezi kufungua zipu ya begi. Kuna bibi mmoja, yule mama nadhani alikuwa na miaka sabini, anapanda na mjukuu wake, akanitazama, akatoa glavu za sufu kwenye begi akanivalisha kama mtoto wa chekechea, akaniongoza mpaka kwenye kibanda cha mawe kilichopo karibu na kilele wanapouza keki za wafo na kakao ya moto. Hakusema neno la kunilaumu na hilo ndo lilinitia aibu zaidi. Katika begi lake dogo kulikuwa na glavu za akiba. Za akiba!

Ya tatu Preikestolen, lile jabali bapa kama meza lililosimama mita 604 juu ya Lysefjord, unaenda ukitokea Stavanger. Kilomita 8 kwenda na kurudi, kama masaa manne, njia imetengenezwa kwa ngazi za mawe na mafundi Washerpa kutoka Nepal. Ukifika juu hakuna reli, hakuna kamba, hakuna mlinzi. Watoto shika mkono. Nenda asubuhi sana au jioni, mchana ni foleni.

Ya nne Besseggen, na hii nitaieleza kwa urefu maana ndo naipenda na ndo mfano mzuri wa kupanga. Iko kwenye milima ya Jotunheimen. Kuna ziwa refu linaitwa Gjende, rangi yake ni kijani ya ajabu kwa sababu ya unga wa mawe unaosagwa na barafu za milimani na kuletwa na mito. Juu yake, karibu mita 400 juu zaidi, kuna ziwa lingine la bluu linaitwa Bessvatnet. Katikati ya hayo maziwa mawili ndo mgongo wa mlima wenyewe, unaoupanda kwa mikono na miguu. Picha zinauonyesha mwembamba kama kisu, ukweli sio mwembamba hivo, ila kama unaogopa kimo moyo utadunda.

Ya tano, ukishamaliza hizo, Trolltunga. Ule ulimi wa jiwe uliotokeza hewani mita 700 juu ya ziwa Ringedalsvatnet, karibu na mji wa Odda. Kila mtu anaitaka hii kwanza. Kutoka Skjeggedal ni kilomita 27 kwenda na kurudi, hesabu masaa 10 mpaka 12, ukipanda basi dogo mpaka maegesho ya juu zinabaki 20. Kilomita 27 za milimani kwa picha moja, na kwenye picha hiyo kuna foleni. Nimeshaenda, nzuri, sitarudi.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya masaa

Kuna kanuni ya zamani ya wapanda milima: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Chukua Besseggen, kilomita 14, na ukijumlisha panda shuka yote unapanda kama mita 1,100. Inakuja masaa manne na nusu na kidogo. Sasa vibao vinasema masaa 6 mpaka 8. Kwa nini? Kwa sababu kanuni haijui mawe, haijui kula, haijui kupiga picha, haijui kusubiri watu kumi waliokutangulia kwenye mgongo. Mi nachukua jibu la kanuni nazidisha moja na nusu, inakuja saba, na hiyo mpaka leo haijaniangusha. Mkiwa na watoto au mzee zidisha mbili.

Ukishapata masaa, hesabu kurudi nyuma kutoka kwenye basi la mwisho. Na hapa Besseggen ina siri. Kuna boti inatoka Gjendesheim kwenda Memurubu, upande wa pili wa njia. Panda boti ASUBUHI, shukia Memurubu, tembea kurudi Gjendesheim lilipo gari au basi lako. Ukifanya kinyume, ukatembea kwanza ukategemea boti ya kukurudisha, siku nzima utakuwa unatembea unaangalia saa, na mtu anayekimbizana na boti ndo anayeteguka mguu. Faida ya pili, ukitokea Memurubu ule mgongo unaupanda, huushuki, na kupanda mawe ni rahisi kuliko kuyashuka, muulize paka yeyote. Tiketi ya boti nunua mtandaoni mapema, kiangazi zinaisha.

Hatua ya 4: Usafiri na pa kulala

Usafiri wa umma wa nchi nzima, treni basi boti, unauona kwenye apu moja inaitwa Entur. Angalia tarehe vizuri maana mabasi mengi ya milimani ni ya kiangazi tu. Kwa wanaotoka Tanzania au Kenya, Norway haiko Umoja wa Ulaya lakini iko Schengen, kwahiyo viza ni ile ile ya Schengen, na kwenye ile bima ya safari wanayoidai soma kama inakubali shughuli za milimani.

Kulala ndo kuna utamu. Kuna chama cha watembeaji kinaitwa DNT, kilianzishwa mwaka 1868, kina hytte zaidi ya 550 nchi nzima. Hytte ni nyumba ya mlimani, nyingine ndogo ya vitanda vinne, nyingine kubwa kama bweni la sekondari. Ziko za aina tatu. Zenye wahudumu, unakuta chakula cha jioni kimepikwa, mezani mnakaa na watu msiowajua, kama saa ni moja kamili basi ni moja kamili, ukichelewa supu imepita. Za kujihudumia, hakuna mtu ila kuna stoo ya chakula, makopo, uji, kahawa, tambi. Na zisizo na chochote, kuni na vitanda na sufuria tu.

Hizo za kujihudumia ndo zilinishinda kuelewa mara ya kwanza. Unafungua kwa ufunguo ambao wanachama wote wanao wa aina moja, unaingia, unachukua kopo la samaki, unaandika mwenyewe umechukua nini, unalipa mwenyewe, hakuna kamera, hakuna mtu kwa kilomita ishirini. Nilimsimulia mjomba wangu Himo kwenye simu akasema, "Mwanangu, na hiyo stoo bado ina vitu?" Ina vitu mjomba.

Uanachama unalipia mwaka na unapunguza bei ya kulala, ukilala siku kadhaa hela yako inarudi. Beba shuka la kulalia lile la mfuko, ni lazima, blanketi zipo. Asubuhi kabla ya kuondoka osha vyombo, fagia, mwaga majivu, jaza ndoo ya maji, pasua kuni kwa ajili ya anayekuja. Viatu vinaachwa mlangoni, hili sisi hatuhitaji kufundishwa.

Au hema. Sheria ya mwaka 1957 inakupa haki ya kutembea na kulala kwenye ardhi isiyolimwa hata kama ina mwenyewe, bila kulipa bila kuomba. Masharti: kaa angalau mita 150 kutoka kwenye nyumba au hytte inayokaliwa, usizidishe usiku mbili mahali pamoja bila ruhusa (mbali milimani unaweza zaidi), na moto wa kuni msituni au karibu na msitu marufuku kuanzia tarehe 15 mwezi wa nne mpaka 15 mwezi wa tisa. Jiko la gesi dogo linatosha. Hema ndo njia ya bei poa maana Norway ni ghali, naomba nisitaje bei ya kahawa mtu akapata presha.

Hatua ya 5: Soma hali ya hewa kama unasoma mkataba

Tumia apu ya Yr, ni ya idara yao ya hali ya hewa na shirika lao la utangazaji, bure, ina Kiingereza. Kosa la watu wanaandika jina la mji. Andika jina la mlima! Mjini nyuzi 18, juu ya mlima ni habari nyingine, kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi 6 au 7.

Alafu angalia upepo, watu wanaangalia mvua tu. Upepo umeandikwa kwa mita kwa sekunde, kwahiyo namba inaonekana ndogo unaidharau. Zidisha kwa 3.6 upate kilomita kwa saa. Upepo wa 10 ni kilomita 36 kwa saa, na kwenye mgongo wa mlima huo unakusukuma. Mimi nikiona 12 kwenye Besseggen naahirisha, sibishani. Nyuzi 5 zenye upepo wa hivo mwili unazisikia kama chini ya sifuri.

Anza kuangalia siku tano kabla, usiamini kitu, angalia tena jana yake usiku, na asubuhi yenyewe. Ndo maana usipange mlima mmoja siku moja kama una wiki moja tu. Panga siku mbili za akiba na kitu cha kufanya bondeni mvua ikinyesha.

Hatua ya 6: Nguo, begi, chakula

Pamba hapana. Nimeshasimulia jinzi. Pamba ikilowa inakaa na maji na inakunyonya joto, sufu hata ikilowa bado inapasha. Wanorway wana msemo kwamba hakuna hali ya hewa mbaya, kuna nguo mbaya, wanausema kila siku mpaka unakera lakini wana haki. Ndani sufu nyembamba, katikati sweta, nje koti na suruali za mvua na upepo. Kofia ya sufu na glavu, hata kama ni Agosti, hata kama jua linawaka. Soksi pea mbili. Buti zinazoshika kifundo cha mguu na ambazo umeshazivaa angalau wiki mbili, buti mpya siku ya mlima ni malengelenge. Plasta na teipu ya michezo weka mfuko wa nje.

Wasiwasi wa hela: kama unaishi huku, BUA wanaazimisha vifaa vya nje bure, mahema, mabegi, viatu hata, tafuta tawi la manispaa yako. Au maduka ya mitumba ya Fretex, au soko la mtandaoni la Finn, Wanorway wanauza koti la maana kwa sababu wamechoka rangi. Mtumba wa hapa ndo ule ule unaokuja kwetu, ila huu haujapanda meli.

Vingine vya begini kwa safari ya siku moja: ramani ya karatasi na dira, simu yenye ramani uliyoishusha kabla (UT.no wanazo za njia zote), pawabenki kwa sababu baridi inakula chaji, tochi ya kichwani, blanketi jembamba la dharura, kiberiti, kigodoro cha kukalia maana jiwe la huku ni friji. Chupa ya chai ya moto, yenye sukari. Kilo 6 mpaka 8 zinatosha, zaidi ya hapo umebeba woga.

Chakula, wenyewe wanabeba mkate na jibini lao la kahawia lenye utamu. Mi nabeba chapati. Onyo lakini, chapati kwenye nyuzi 4 inakuwa kama soli ya kiatu, ifunge na kitambaa uiweke katikati ya nguo za begi, au beba mandazi, mandazi yanavumilia. Mayai ya kuchemsha, karanga, tende, na chokoleti. Kuna chokoleti moja ya biskuti inaitwa Kvikk Lunsj, huko Norway ni kama sare ya mlimani, na ndani ya karatasi yake wamechapa sheria za mlima.

Hatua ya 7: Amua utageukia wapi, ukiwa bado nyumbani

Hizo sheria ziko tisa. Zilienea sana baada ya Pasaka ya mwaka 1967, watu 18 walipokufa milimani kwenye likizo moja, na mwaka 2016 zikaandikwa upya. Ya kwanza inasema panga safari na uwaambie watu unapopita. Ya nane ndo kila Mnorway anaijua kwa moyo: geuka mapema, hakuna aibu kurudi.

Hakuna aibu, sawa, ila mwili wako ukiwa juu, umelipa nauli, umeomba ruhusa kazini, kilele unakiona, akili haifanyi kazi vizuri. Kwahiyo uamuzi usiufanyie kule. Andika kwenye karatasi kabla. Mfano Besseggen: mahali pa kugeukia ni Bandet, ile sehemu nyembamba ya chini kando ya Bessvatnet kabla mgongo haujaanza. Nikiwa Bandet baada ya saa nane mchana, au ukungu umeshika mgongo, au kuna mtu miguu inatetemeka, tunarudi Memurubu. Pale kuna pa kulala, kuna boti kama bado ipo, na kuna njia ya chini kando ya ziwa inayokurudisha Gjendesheim bila kupanda huko juu. Umeona? Sio tu wapi unageukia, na ukishageuka unaenda wapi. Mlima ambao kwenye ramani huoni jibu la hilo swali la pili, tafuta mwingine.

Tulishawahi kugeuka Trolltunga, tuko wanne, zimebaki kilomita nne tu. Jamaa mmoja wa Bukavu goti lilikuwa limevimba tangu asubuhi na alinyamaza kwa sababu hataki kutuharibia. Hiyo ni nyingine ya kupanga: kabla ya kuanza kila mtu aseme kwa sauti anaumwa nini. Watu wetu tunaficha, tunasema "niko poa" mpaka tunadondoka.

Karatasi hiyo piga picha, mtumie mtu aliye bondeni: njia gani, mko wangapi, rangi za makoti, mtarudi saa ngapi, na asiposikia kitu mpaka saa fulani afanye nini.

Hatua ya 8: Mkiwa njiani

Fuata T nyekundu na marundo ya mawe. Ukiwa kwenye T moja usiondoke mpaka umeiona inayofuata, hasa ukungu ukishuka. Usipoiona rudi kwenye ya mwisho, usikate kona. Tembea polepole, ile pole pole ya Kili inafanya kazi huku pia, mwendo ambao unaweza kupiga stori.

Maji ya mito inayoshuka kwa kasi juu ya mlima watu wanakunywa moja kwa moja, mimi pia, ila sio yaliyotuama wala yanayopita chini ya malisho ya kondoo. Choo, nenda mbali na maji, fukia. Milima ya Dovrefjell kuna wale wanyama wanaoitwa moskus, wa manyoya mpaka chini, wanafanana na nyati aliyevaa zulia, kaa mita 200, wanaonekana wazembe lakini wakiamua hukimbii ukapona.

Salimia. Watu ambao Oslo wanakaa kiti cha mbali kukukwepa kwenye treni, mlimani kila mmoja anasema "hei hei", na ukijibu wanakuambia njia ya mbele ikoje. Hizo ni habari za bure na za leo leo, waulize theluji, waulize mto.

Dharura: 112 polisi, wao ndo wanaoanzisha utafutaji milimani, na 113 kwa majeruhi na ugonjwa. Weka apu ya Hjelp 113 kabla, ukipiga kupitia hiyo inawatumia mahali ulipo. Uokoaji hawakutozi, kwahiyo usiogope kupiga mapema kwa kuwaza bili, kuna watu wanasubiri mpaka giza linaingia na helikopta inashindwa. Mtandao haupo kila bonde, ukikosa panda kidogo sehemu iliyo wazi ujaribu tena.

Hatua ya 9: Ukishashuka

Kabla ya kuvua viatu, kabla ya kupiga picha ya mwisho, mtumie yule mtu wa bondeni neno "tumeshuka". Mimi nilisahau mara moja, nikala, nikalala, dada yangu Drammen alikuwa ameshaanza kupiga simu za kulia kila mahali. Jikague kupe kwenye mikunjo kama umepita majani marefu ya pwani. Alafu buti zikilowa usiziweke karibu na moto zitapasuka soli, toa zile soli za ndani, jaza magazeti makavu, badilisha magazeti kabla ya kulala, asubuhi zitakuwa zimekauka vya kutosha kuvaa tena.